Naandika historia ya parokia yetu ndogo ya Taita, nianzie wapi?

alto_wa_Mikindani
Tumsifu Yesu Kristo wadau. Mimi naishi Mombasa hapa Mikindani lakini nyumbani ni Taita, na parokia yetu ya kule ni ndogo, kanisa la mabati na vigango vichache, yaani makanisa madogo ya nje, huko milimani. Sasa jubilei inakaribia na baraza la parokia limenipigia simu, ati kwa vile mimi nina kompyuta niwaandikie historia na utume wa parokia, kijitabu cha kuuzwa siku hiyo pesa ziende kwa paa. Nilichopewa ni karatasi moja ya majina ya maparoko na miaka yao, basi. Kuna mzee anataka tuanzie kwa wafiadini wa Mombasa wa 1631, mwingine anasema tuanze siku paroko wa kwanza alipohamia. Mi naona tukiandika mapadre peke yao tutakuwa tumewaacha nje wale wenye walibeba hiyo parokia mgongoni, mama zetu na makatekista. Rekodi zao nitazipata wapi jamani?

mwl_mstaafu_Changamwe
Milele na milele, Amina. Mwanangu, huyo mzee mheshimu lakini 1631 mpe aya moja tu. Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimbatiza Jerónimo Chingulia, aliwageuka Agosti mwaka huo pale Fort Jesus na Wakristo wengi wakauawa, Waafrika kwa Wareno. Ni historia kubwa ya mji wetu, ila Waomani walipoichukua ngome 1698 ule Ukatoliki wa Wareno ukakatika, haukupanda Taita. Uzi wenu nyinyi unatoka Zanzibar. Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika misheni ya Zanzibar miaka ya 1860, wakaenda Bagamoyo 1868, halafu 1892 wakafungua misheni ya Bura, huko kwenu Taita. Hebu fikiria hiyo 1892, reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, kwa hivyo misheni ya Bura ni ya zamani kuliko reli, watu walienda kwa miguu na mizigo kichwani kupitia nyika kavu ya Taru. Na mwaka 1893 wakapanda kahawa pale Bura, ndio hutajwa kama mwanzo wa kahawa Kenya, kabla ipelekwe misheni ya St Austin's Nairobi. Vijana wenu wa Taita wengi hawalijui hili na linawahusu, liandike vizuri.

Jambo lingine, Mombasa haikuwa na askofu wake wakati huo. Dayosisi ilikuja 1955, ikawa jimbo kuu 1990. Kwa hivyo ukitafuta barua za zamani usishangae ukiambiwa hapa hazipo. Mapadre hao wa Roho Mtakatifu walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, kwa Kifaransa, na makavazi yao ya Ufaransa yako Chevilly-Larue karibu na Paris. Waandikie barua pepe kwa adabu, taja misheni na miaka unayotaka.

mtoto_wa_katekista
Dada hapo kwa makatekista umenigusa kabisa. Baba yangu alikuwa katekista kigango cha mbali upande wa Kwale, padre alikuwa anafika mara moja kwa mwezi mvua ikikubali, Jumapili zingine zote ni baba anaongoza ibada, anafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, anazika watu, na kwa kile kitabu cha maparoko hayuko hata mstari mmoja. Sasa nikupe siri. Fungua kitabu cha ubatizo, kile chenye namba ya LB (Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa) tunaandikiwa kwa kadi. Watu huangalia jina la mtoto na la padre. Wewe shuka na safu ya wasimamizi. Utaona jina moja linarudi ukurasa baada ya ukurasa, watoto wa ukoo huu na ule wote wamesimamiwa na mtu huyo huyo, mara nyingi huyo ndiye alikuwa katekista ama mke wake. Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini, Yohana ni Ioannes, Maria ni Maria tu, na pembeni utakuta kipaimara na ndoa zimeongezwa kwa wino tofauti. Hapo ndio parokia yenu iko, na kisheria kila parokia lazima iweke hicho kitabu kwa hivyo omba paroko, hawezi kukwambia hakipo.

Lakini kabla ya vitabu nenda kwa wazee KWANZA. Vitabu vitakungoja, wazee la. Na usimuulize nyanya "kigango kilijengwa mwaka gani", atakwambia zamani. Muulize ilikuwa kabla ya Uhuru ama baada, Papa Yohane Paulo alipokuja 1980 kanisa lilikuwa udongo ama mawe, nani alichota maji ya kukorogea simiti. Utashangaa vile atakumbuka mpaka punda alikuwa wa nani.

Likoni_jumuiya
Naongeza kidogo tu. Usipige picha kurasa za ubatizo ukarusha kwa grupu ya WhatsApp. Mle kuna mtoto aliyeandikwa bila jina la baba na leo ni mtu mzima ana familia yake. Soma pale ofisini, andika unachohitaji, rudisha.

Na kwa utume usiandike "kueneza Injili" ukaishia hapo, kila parokia inasema hivyo. Andika jumuiya ndogo ndogo zinafanya nini. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizikubali tangu miaka ya 1970 na kule kijijini ndizo zinashikilia kila kitu, mgonjwa akilala ni jumuiya inachanga, tembo wakitoka Tsavo wakamaliza mahindi ya mjane ni jumuiya inampelekea debe. Andika shule, zahanati, na pia penye mmekwama, kama vijana wote kuteremka Mombasa kutafuta kazi na kwaya kubaki na wamama.

alto_wa_Mikindani
Mungu awabariki sana. Mwalimu nimeshaandika hiyo ya Bura na kahawa. Nimeongea na paroko, amekubali vitabu nivisome ofisini kwake, na wikendi napanda matatu ya Voi nianze na wazee wa kigango cha juu, kuna mama mmoja ameongoza rozari huko tangu mimi sijazaliwa. Swali la mwisho, makavazi wakinijibu, kuna mtu hapa anasoma Kifaransa cha mkono?

mwl_mstaafu_Changamwe
Nilikisomesha hadi nikastaafu. Ukizipata kurasa zitume, tutazisoma pamoja jioni moja moja.