Naomba ushauri: nataka kurekebisha mwisho wa Skyrim

Wakuu, habari zenu. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Hili gemu la 2011 nalipenda sana ila mwisho wake unaniuma. Unamuua Alduin, lile dragoni adui mkuu, kule Sovngarde (ahera ya mashujaa), unarudishwa kileleni mwa mlima, madragoni yamekuzunguka, Paarthurnax, dragoni mzee aliye upande wako, anaongea maneno mazito kabisa. Ukishuka mjini Whiterun, maisha karibu ni yaleyale. Natamani hata mzee mmoja aniambie pole na safari! Na Ulfric, kiongozi wa waasi, na Tullius, jenerali wa Dola, wanaendelea na vita, hata kama uliwakalisha meza moja kwenye kikao cha amani High Hrothgar, kwa wale watawa wa mlimani.

Wazo langu: Alduin akishakufa waitwe tena mezani, na yale uliyowapa au kuwanyima kikao cha kwanza ndiyo yaamue nani anakuja na nani anagoma. Nimeanza kuandika mazungumzo kwenye Creation Kit (programu ya kutengenezea modi, yaani nyongeza za gemu), lakini kwa kuwa hayana sauti, maandishi yanapita fasta, kusoma huwahi.

Mliowahi kutengeneza modi, niweke faili za sauti zilizo kimya ili maandishi yakae, au habari zije kwa barua za yule mjumbe? Na kikao nikifanye kwesti (misheni) inayojitegemea, au nikiunganishe na ile ya Alduin?