Mjadala: Chatu wawili banda moja, ni sawa?

Mleta mada:
Wadau, rafiki yangu wa Njiro, mwenye kibali cha kufuga, ana chatu wawili wachanga, urefu wa mkono wa mtu mzima. Kawaweka kwenye banda moja la kioo, na anasema wanapendana kwa sababu wanalala wamejiviringisha pamoja. Mimi napinga.

Banda lile lina kona moja tu yenye joto. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi, na bila joto chakula hakisagiki tumboni. Baridi ya Julai hapa Arusha mnaijua wenyewe. Wote wanaigombea kona ile ile, mkubwa anakaa juu, mdogo anabanwa. Hapo mapenzi yako wapi?

Jumapili nilikuwepo akiwalisha. Panya alikuwa bado kinywani mwa mkubwa, mdogo akadaka miguu ya nyuma. Vinywa vikazidi kusogeleana. Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni, akishaanza kumeza kuachia ni kazi, na hapo anaweza kummeza hata mwenzake. Tulihangaika mpaka mdogo akaachia. Mikono ilinitetemeka.

Mchangiaji, Moshi:
Pole sana ndugu yangu. Ila hilo ni kosa la ulishaji. Siku ya kula, kila mmoja awekwe kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Na usiseme nyoka wote ni wapweke: kule Narcisse, Kanada, kuna nyoka wadogo wenye mistari wanaojazana kwa maelfu kwenye mashimo kukwepa baridi.

Mleta mada:
Wale nakubali, lakini si chatu, na baridi ikiisha hutawanyika. Ndoo itasaidia siku ya kula tu. Asubuhi ukikuta panya aliyetapikwa, utajuaje katapika nani? Na wote wameshapita juu yake. Kuna vimelea vya tumboni viitwavyo kriptosporidia, ambavyo kwa nyoka havina tiba ya uhakika. Mmoja akiwa navyo, wa pili naye yuko hatarini.

Msimamo wangu: kila chatu na banda lake, na asiye na nafasi ya mabanda mawili afuge mmoja.

Mliowahi kuwaweka pamoja zaidi ya mwaka, naomba mnijibu hili: mlikuwa mnawapima uzito mmoja mmoja? Yule mdogo aliongezeka sawa na mwenzake?