Naomba ushauri: mpira wa kufyonza uchafu kwenye changarawe ya tangi la samaki

KokotoLaini:
Habari zenu wadau. Nina tangi la lita 60, lina changarawe ya kina cha sentimita 4 hivi, na ndani wamo gapi (samaki wadogo wa mapambo) 10 na konokono 3. Tangi lina miezi mitano sasa. Ukilitazama tu maji ni safi, ila nikichokonoa changarawe kwa kijiti yanatibuka mpaka samaki siwaoni. Nimejaribu kuchota kwa kikombe, uchafu unabaki palepale chini. Wiki iliyopita gapi mmoja alikufa na imeniuma sana.

Nimeona vifaa vya aina tatu: mpira wa kawaida wenye bomba pana mbele, ule wenye kibonyezo cha mkono, na wa betri wenye kifuko cha kuchujia. Wa betri umenivutia kwa sababu maji yanarudi tangini, huhangaiki na ndoo. Nichukue upi?

FundiTangi:
Pole kwa msiba wa gapi, mkuu. Nianze na huo wa betri, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kifuko kinanasa kinyesi na mabaki ya chakula, sawa. Lakini nitrati, yaani taka inayotokana na kinyesi na chakula kuoza, imeshayeyuka majini, inapenya kwenye kitambaa na kurudi kwa samaki wako. Changarawe itang'aa, maji yatabaki yaleyale. Mpira wa kawaida unatoa uchafu na maji yaliyochoka kwa mkupuo mmoja, na kwa vyovyote vile maji unatakiwa kuyabadilisha.

Sasa upana. Usinunue mnene ukidhani ndio wenye nguvu. Kwa mara moja unatoa kama robo ya maji, kwako ni lita 15, na hizo ndizo ulizonazo za kusafishia sakafu yote. Mpira mnene utazimaliza ukiwa bado kona ya kwanza, halafu utalazimika ama kuacha uchafu au kuwapunguzia samaki maji kupita kiasi. Tafuta bomba lenye upana wa sentimita 2.5 hadi 3, na mpira wake uwe wa sentimita 1 hivi.

Angalia pia urefu wa bomba. Maji yanapanda polepole ndani ya bomba kwa sababu ni pana, kwa hiyo kokoto zinainuka kidogo, zinajigeuza, kisha zinaanguka kwa uzito wake, na kinyesi chepesi kinaendelea na safari. Bomba likiwa fupi mno kokoto zinawahi kufika kwenye mpira na kuuziba. Ukiziona zinapanda juu sana, ubane mpira kwa vidole, zitashuka zenyewe.

MamaKonokono:
Naunga mkono. Kuhusu kibonyezo cha mkono, kazi yake ni kuanzisha mtiririko tu. Maji yakishashika njia, kinachoyavuta ni ndoo kuwa chini kuliko tangi. Kwa hiyo usidhani ukibonyeza sana utafyonza zaidi. Hata hivyo mimi ningekushauri uwe nacho, au uchukue ule unaoanza kwa kutikiswa juu na chini majini. Tafadhali usivute kwa mdomo. Maji ya tangi yanaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, na ukichelewa kidogo tu umeshayameza.

Mzamiaji:
Natofautiana kidogo na FundiTangi. Wa betri si wa kutupa. Ninao, nautumia katikati ya wiki kuokota kinyesi cha samaki wakubwa. Ila nakubali, kama unanunua kimoja tu, usiwe huo.

KokotoLaini:
Asanteni sana. Nina hofu mbili. Nimesikia bakteria wazuri, wale wanaosafisha sumu ya kinyesi majini, wanaishi kwenye changarawe, si nitawafyonza wote? Na gapi wangu wanazaa, vitoto vikiingia kwenye mpira?

FundiTangi:
Bakteria wameng'ang'ania kwenye mawe na kwenye kichujio, hawatoki kirahisi hivyo. Ila kwa kuwa tangi lako halijawahi kufyonzwa miezi yote hiyo, usilichimbue lote siku moja. Nusu wiki hii, nusu wiki ijayo. Na siku ya kufyonza usioshe kichujio, ili bakteria waliomo humo waendelee na kazi.

MamaKonokono:
Vitoto vinaingia, dada au kaka, tena mara nyingi. Tumia ndoo nyeupe, iache itulie dakika chache, uitazame vizuri kabla ya kumwaga. Nimeokoa wengi kwa njia hiyo na walikua wakubwa. Ndoo hiyo isiwahi kuguswa na sabuni.

MchangaMweusi:
Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na mchanga badala ya changarawe: msichomeke bomba ndani. Lipitisheni sentimita 1 au 2 juu ya mchanga, uchafu umekaa juu tu. Na penye mimea msichimbe karibu na mizizi.

KokotoLaini:
Nimerudi. Nimechukua mwembamba wa kuanza kwa kutikisa. Leo nimefyonza upande wa kushoto, nimetoa lita 14, na yaliyotoka ni meusi kuliko nilivyofikiria. Kitoto kimoja kilikuwa kwenye ndoo, kimerudi salama! Je, maji mapya ya bomba la nyumbani niyamimine tangini moja kwa moja?

FundiTangi:
Hapana mkuu! Tia kwanza dawa ya kuondoa klorini, na joto lilingane na la tangini. Kama una hita, izime kabla hujaanza kufyonza. Ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka inaweza kupasuka. Uiwashe maji yakishaifunika. Na upunguze chakula, wape kinachoisha ndani ya dakika 2. Sehemu ya weusi huo ni chakula ambacho hakikuliwa.

KokotoLaini:
Hita nilikuwa sijaifikiria kabisa. Nimeikagua, ni nzima. Upande wa kulia Jumamosi ijayo, nitaleta majibu.