Nimeliwa 640,000 kwa ugonjwa wa mfuniko wa tanki. Mafundi wa Mwanza, hamna haya?

Mwangaluka wakuu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha ikichafuka.

Nina pikapu, Hilux ya 1988, injini 22R ya petroli, ya kabureta. Si gari la harusi. Inabeba sato wa vizimba kutoka upande wa Sengerema mpaka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na sato aliye kwenye barafu hamsubiri mtu. Miezi kadhaa iliyopita ikaanza vituko: asubuhi inawaka vizuri tu, inatembea nusu saa hivi, halafu inaanza kukohoa, inavuta na kuachia kama mtu mwenye kwikwi, kisha kimya. Ukikaa robo saa inawaka kana kwamba hapakuwa na kitu. Imeshanizimia katikati ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu hivi za zege juu ya ziwa, mabasi yananipigia honi, utingo wangu anapunga matawi nyuma. Siku hizi tunatembea na matawi yetu wenyewe, kule juu hakuna pa kuyakata.

Fundi wa kwanza akaja na kimashine cha kupimia, kile kinachosoma kompyuta ya gari. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatafuta tundu la kuchomeka mpaka jasho likamtoka. Ndugu zangu, gari la kabureta la 1988! Hata huko Marekani tundu hilo limekuwa lazima kwa magari ya kuanzia 1996. Hii pikapu haina kompyuta, haina sensa ya kukuambia chochote. Unajua alichosema? "Bosi, kodi ya kosa imejificha, lakini ni koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi." Kupima 30,000, koili 85,000. Nikalipa. Ilizima Buhongwa, hata Usagara sikufika.

Wa pili akasema koili ni nzima, tatizo ni plagi na waya zake. 70,000. Na kwenye kurudisha waya akachanganya mpangilio. Silinda za injini hii zinachoma kwa zamu ya 1-3-4-2, kila kijana wa gereji anaimba hiyo namba usingizini, yeye akabadilisha mbili, pikapu ikawa inapiga mabomu kwenye ekzosi mpaka kuku wa jirani wakahama. Nilizirudisha mwenyewe.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Huyu ana jina mjini, watu wanamwogopa. Akasikiliza injini kwa sekunde kumi, akafunga boneti: "Mzee, kabureta imekufa, na pampu ya mafuta imechoka." Kabureta ya mtumba 280,000, pampu 65,000. Jumlisha ufundi wa wote watatu, 110,000. Piga hesabu mwenyewe.

Juu ya hapo akanipa ushauri: nisitembee na mafuta kidogo, nijaze tanki. Nikajaza. Ikawa inazima mapema zaidi! Nikampigia kumwambia, akasema, "Hiyo ni petroli mbaya, mzee." Jibu lilikuwa mkononi mwake na hakuliona.

Wote watatu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari linazima likiwa limetembea muda gani. Hakuna aliyesema twende nalo barabarani mpaka lizime, tukiwa pale pale tuvute waya mmoja wa plagi tuone kama moto upo, tuchomoe mpira wa kabureta tupige stata tuone kama mafuta yanafika. Dakika tano. Ukishajua kilichokosekana ni moto au ni mafuta, nusu ya spea ulizotaka kuninunulisha zinabaki dukani. Wao wanalipima likiwa limepoa, limesimama kivulini, linanguruma vizuri, halafu wanaagua. Kwa mganga ningepata na dawa ya kuoga juu.

Sasa sikilizeni aliyenitibu. Wiki iliyopita ikazima nikiwa nimeshavuka daraja, pale Kigongo. Nikahisi labda kuna mtu ananyonya mafuta usiku, nikaenda kufungua tanki nichungulie. Mfuniko ulikuwa mgumu kama umegandishwa na gundi, ulipoachia ukatoa sauti: fyuuuuu! Kuna mvuvi alikuwa amekaa pembeni na injini yake ya mtumbwi begani, akacheka. "Mzee, umefunga pumzi ya tanki? Hata sisi usipolegeza ile skrubu ya juu ya tanki, injini inakuzimia katikati ya ziwa." Nikapiga stata. Ikawaka hapo hapo, robo saa haikuhitajika.

Mafuta yakitoka kwenye tanki lazima hewa iingie kuziba nafasi yake. Hewa ikikosa njia, tanki linabana, pampu inavuta mpaka inashindwa, bakuli la kabureta linakauka, gari linakohoa na kuzima. Ukingoja, hewa inapenya taratibu, linawaka tena. Na tanki likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo linabana haraka zaidi. Mfuniko wangu wa asili uliibiwa mwaka jana nikioshesha gari, nikanunua wa kubahatisha, usio na pumzi. Mpira wa pumzi wa tanki nao nimeukuta umezibwa na udongo wa nyigu. Zamani sikugundua kwa sababu tulikuwa tunalala foleni ya kivuko, tanki linapumua hapo tukibishana na wauza mahindi ya kuchoma. Daraja limefunguliwa, tunapitiliza, ugonjwa ukajitokeza.

Nimeendesha kutoka Kigongo mpaka Mkuyuni mfuniko ukiwa umelegezwa, haikukohoa hata mara moja. (Msiige, petroli inamwagika na harufu yake ni hatari, mimi nilikuwa napima tu.) Mfuniko sahihi na kuzibua mpira: 15,000.

Na bado sijafika kwenye kinachoniuma. Kabureta yangu ya zamani, iliyokuja na gari, nzima kabisa, iko wapi? Koili yangu iko wapi? Hii kabureta ya mtumba haishiki sailensa, ukiachia mafuta injini haitulii, inakunywa petroli kama ng'ombe wa Magu wakati wa kiangazi. Nimemfuata fundi mwenye jina, ananiambia vile "vibovu" waliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kibovu kwa kipimo gani, wewe uliyesikiliza sekunde kumi? Wa kwanza hapokei simu kabisa.

Jumatatu naenda gereji zote tatu na mfuniko mkononi, na utingo wangu ambaye kimo chake kinasaidia mazungumzo. Mwenye kujua mtu Mwanza anayerekebisha kabureta za zamani kwa kufungua na kuosha, siyo kwa kubadilisha, aniambie hapa. Na kama kuna aliyeuziwa kabureta ya 22R karibuni, geuza uangalie: yangu ina alama ya msasa kwenye kona, niliikwaruza mwenyewe.