MJADALA: Hafla ya hisani, fundi mitambo apige kazi bure?

Wadau wa sauti na waandaaji, tuliongee hili. Juzi nimefunga vyombo kwenye hafla ya kuchangia matibabu ya watoto. Niliombwa nijitolee, nikaambiwa kutoa ni moyo, nikakubali. Nimefika alfajiri, nimevuta nyaya, nimepima maiki moja moja, nimekaa kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti) hadi usiku. Nikiwa nakunja nyaya namwona mhasibu anagawa bahasha: mwenye turubai, wapishi, mshereheshaji, hadi mpiga picha. Kwangu hazikufika. Kumbe mwenye moyo nilikuwa peke yangu.

Msimamo wangu: tufanye bure pale tu ambapo kila mtoa huduma kajitolea. Akilipwa hata mmoja, maana yake bajeti ipo. Mnasemaje?

Mwandaaji wa hafla: Pole, ndugu yangu. Ila mtuelewe, kila senti tunayotumia wachangiaji wanatuuliza imekwenda wapi. Turubai usipolipia haliji. Nyie watu wa sauti wengi ni marafiki zetu, ndiyo maana tunaanza kwenu.

Mtoa mada: "Turubai usipolipia haliji." Umejijibu mwenyewe.

Fundi wa siku nyingi: Mtoa mada, hapo kwa wengine sikuungi mkono. Sadaka huangalii jirani katoa nini. Ninachokataa mimi ni bure isiyo na maandishi.

Mnaikumbuka Live Aid, lile tamasha la hisani la 13 Julai 1985? Wasanii walipanda jukwaani bila malipo kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Pale uwanja wa Wembley, London, Paul McCartney, yule mwanamuziki wa Beatles, anakaa kwenye piano, anaanza kuimba, maiki kimya. Dakika kama mbili hivi, dunia nzima inatazama! Likikukuta wewe hilo, hakuna atakayesema "mwacheni, kajitolea". Lawama zako zote.

Kwa hiyo naandika ankara ya bei kamili, chini yake naweka punguzo la asilimia 100. Mwandaaji akirudi mwakani na hafla ya kampuni, hawezi kuniambia "si ulifanya bure?" Halafu naorodhesha vitu ambavyo sivisamehi: umeme wa uhakika, wabebaji wawili, usafiri wa vyombo, chakula. Wakikataa hivyo, siendi.

Mchangiaji mwingine: Na vyombo vya kukodi je? Jasho langu naweza kulitoa. Miksa ya mtu siwezi kuitolea sadaka.

Kijana anayejifunza: Mimi hafla hizi ndizo zilizonikalisha kwenye miksa kubwa, nisingeaminiwa kwenye kazi ya kulipwa. Sijutii. Ila ile ya mwisho nilisimamishwa mbele ya spika jioni nzima bila hata vizibo vya masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza sauti ya desibeli 100 isizidi dakika 15 kwa siku kama huna kinga. Masikio hayajui hisani.

Fundi wa siku nyingi: Vizibo nunua mwenyewe, mdogo wangu, usisubiri mtu.

Mwandaaji wa hafla: Nimesoma yote. Mtoa mada, mwezi ujao tuna hafla nyingine. Nitumie ankara ya namna hiyo, niipeleke kwenye kamati. Vyombo na usafiri nitavipigania. Ujira wako siuahidi.

Mtoa mada: Naituma leo. Ila hiyo asilimia 100 bado sijaiandika.