Ndoa ya makaratasi: nani athibitishe, wanandoa au serikali?

Jana mwenzetu mmoja aliandika kwamba tulioko Uingereza tuache kulalamikia mahojiano ya uhamiaji, kwa kuwa aliyeoa kweli haogopi maswali. Sikubaliani naye hata kidogo.

Ndoa za makaratasi zipo. Watu hulipana, husaini kwa msajili ili mmoja apate kibali cha kuishi Uingereza, kisha kila mmoja hushika njia yake. Sizitetei, maana ndizo zinazotuponza sisi wengine. Ninachouliza ni hiki: ofisa akishuku, nani abebe mzigo wa kuthibitisha?

Mwaka 2014 mwanamke wa Lithuania na mchumba wake Mpakistani walikwenda kwa msajili Edinburgh kufunga ndoa. Wakawakuta maofisa wa uhamiaji, wakahojiwa kila mtu peke yake, na ndoa haikufungwa. Katika rufaa ya kwanza hakimu aliwataka wao wathibitishe kwamba hawadanganyi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 majaji wakasema hapana: serikali ndiyo iliyotoa tuhuma, basi serikali ndiyo ithibitishe kwamba lengo kuu la ndoa lilikuwa kibali. Kunufaika na kibali peke yake si kosa. Kesi ikarudishwa chini isikilizwe upya.

Lakini hukumu ile ilisimama juu ya sheria za Umoja wa Ulaya, na Uingereza imeshatoka. Anayemwombea viza mke wake aliyeko Tanga au Mombasa anatakiwa yeye aonyeshe kwamba uhusiano wao ni wa kweli na unaendelea. Ile kanuni ya zamani, iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba hakuoa hasa ili ahamie, ilifutwa 1997 baada ya kuzitesa familia za Kihindi na Kipakistani kwa miaka. Naona roho yake bado ipo.

Na ushahidi wenyewe unaotakiwa ni upi? Picha za pamoja, safari za pamoja, historia ya uchumba. Sasa chukua harusi ya pwani. Posa imepelekwa na wazee, uchumba umekwenda kwa simu, na siku ya shughuli ya wanawake simu zinaachwa mlangoni ili bibi harusi asipigwe picha. Bwana amekaa naye wiki chache, akarudi kazini Uingereza. Ukimuuliza binti huyo mumewe hufanya nini akiamka asubuhi, atababaika, na kubabaika kwake kutaandikwa kuwa ni dalili ya uongo. Ndoa hiyo ina kadhi, walii, mashahidi na mahari, na mtaa mzima umekula pilau yake!

Kwa hiyo mwenzangu wa jana, nijibu: binti huyo atoe nini zaidi? Na mliowahi kusimama mbele ya hakimu wa rufaa, tuambieni ni ushahidi gani aliousikiliza, na ni upi aliouweka kando.