Turbo ikifa, gari la mazuti liendelee kupanda Bukavu bila turbo?

Swali lililo mbele yetu: gari la mazuti ambalo turbo yake, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, imekufa, fundi akaing'oa na kuunganisha bomba tupu, liendelee kupakia watu na mizigo, au lisimame mpaka litengenezwe? Ndugu mwenye Canter amesema turbo ni anasa, lake linatembea bila hiyo. Mwingine amesema turbo inakula mazuti. Dada mwenye duka kule mtaa wa Essence hapa Bukavu amesema amechoka kufunga mlango kila kamyo linapopanda, maana moshi wote unaingia kwenye bidhaa na kifuani mwa watoto. Mimi ni fundi wa injini za mazuti na niko upande wa dada huyu.

Tuanze na hewa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Mazuti huungua kwa kadiri ya hewa iliyoingia kwenye silinda, si zaidi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo, hata iwe mpya, inavuta hewa pungufu kila mara pistoni inaposhuka. Sasa fikirini kamyo linalotoka Uvira. Bonde la Ruzizi linapitika, Kamanyola inapitika, halafu Ngomo inaanza: mlima, kona na mzigo, huku hewa ikizidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Hapo ndipo turbo inapofanya kazi yake.

Gesi inayotoka kwenye silinda, gari likiwa limebeba mzigo mzito, ina joto la digrii 600 na zaidi, na inatoka kwa nguvu. Inasukuma gurudumu la turbini. Gurudumu hilo limeshikana kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, ambalo linavuta hewa kutoka kwenye filta na kuirusha pembeni kwa kasi kubwa. Nyumba yake yenye umbo la konokono inapunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa mgandamizo. Mhimili unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya oili tu. Kwa kawaida inapatikana nyongeza ya nusu baa hadi baa moja (baa moja ni kama mgandamizo wa hewa ya pwani), na hiyo inarudisha kile mlima ulichopunguza na kuzidisha. Kwa kuwa hewa ikibanwa inapata joto na kutanuka, magari mengi yana intakula ya kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda.

Je, inakula mazuti? Turbini inaizuia gesi kidogo isitoke kwa urahisi, hilo ni kweli. Lakini nguvu nyingi inayoitumia ni joto ambalo lingepotea hewani kupitia egzosi. Shofa anayekanyaga mpaka mwisho kwa sababu gari lina nguvu atamaliza tangi, ila huo ni mguu wake.

Na anasa? Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mwaka 1918 Wamarekani walipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, kuthibitisha kwamba turbo inarudisha nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi. Watu wa milima kama sisi ndio tunaoihitaji kuliko wote.

Sasa nimjibu ndugu wa Canter kwa undani. Pompa nyingi za mazuti za injini za turbo zina kiwambo kinachohisi mgandamizo wa hewa na kuongeza mazuti hewa inapoongezeka. Ukiondoa turbo, kiwambo hakisikii kitu, pompa inatoa kidogo, gari linakuwa zito. Mwenye gari anarudi garaji analalamika. Fundi anakaza skrubu ya pompa, mazuti yanaongezeka bila hewa ya kuyaunguza, na ndipo unapotoka ule moshi mweusi. Juu ya hayo, pistoni na kichwa cha injini vinapata joto lisilo la kawaida. Mtu ataniambia Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina turbo na inapanda kila mahali. Sawa, lakini hiyo ilitoka kiwandani bila turbo, pompa yake na silinda zake zilipimwa hivyo. Injini ya turbo mara nyingi hubana hewa ndani ya silinda kwa kiwango cha chini kuliko isiyo na turbo, kwa sababu inategemea kuipokea ikiwa imeshabanwa.

Kinachoua turbo tunakijua: oili iliyopitiliza muda, filta iliyochanika inayopitisha vumbi, na kuzima injini papo hapo baada ya kupanda mlima, oili ikaungua kwenye mhimili. Dakika moja au mbili za kuunguruma taratibu zinatosha kuzuia hilo la mwisho. Na fundi anayefunga turbo nyingine bila kusafisha bomba la oili anaiua mpya pia.

Najua bei yake. Najua kuna nyumba inayokula kwa kamyo moja. Kwa hiyo sisemi magari yakamatwe kesho asubuhi. Nasema kontroli tekniki, yaani ukaguzi wa magari, ipime moshi injini ikikanyagwa, si ikiwa imetulia, na mwenye gari apewe muda wa kutengeneza. Anayetaka kubaki bila turbo arudishe pompa chini na apunguze mzigo. Ndugu wa Canter, gari lako likipimwa mazuti kulingana na hewa linayopata, utakubali kupunguza magunia unayopakia kutoka Uvira? Na kama hukubali, moshi huo unataka auvute nani?